Tiketi ya elfu kumi iliyoshuka getini: kisa cha mechi mbili za Mkwakwani

Wadau, hii ishu ya kiingilio cha zile mechi mbili za uwanja wa Mkwakwani hapa Tanga imeongelewa sana vijiweni, kuanzia Ngamiani mpaka Makorora, na kila mtu ana lake. Kuna wanaosema watu wa Tanga hawapendi kulipia mpira, kuna wanaosema waandaaji walikuwa na tamaa tu basi. Mi naona wote hawajafika kwenyewe. Elfu kumi ilikuwa bei mbaya ndio, ila kilichoua biashara ni kuishusha pale getini, na hilo ndo linaloniuma kwa sababu lingezuilika kabisa na likiachwa hivihivi litaharibu hata mechi za watu ambao hawakuhusika.

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna waandaaji (siwataji) walikodi Mkwakwani wakaleta timu ya Ligi Kuu kutoka Dar icheze mechi ya kirafiki kabla ya msimu, na kombaini ya vijana wa hapahapa Tanga. Mzunguko (kule kwenye saruji, juani) elfu kumi, jukwaa kuu lenye kivuli elfu ishirini. Gari la spika lilizunguka mitaani wiki nzima, bei inatajwa vizuri kabisa kwamba ni elfu kumi, tiketi zinauzwa mapema ili kuepuka usumbufu. Mechi saa kumi jioni. Ilipofika saa tisa na nusu mzunguko ulikuwa mweupe, unaona saruji tupu upande wote ule wa jua, huku nje ya mageti watu kibao wamesimama na baiskeli zao wanasikilizia. Spika ikalia: mzunguko sasa ni buku tatu, karibuni ndani. Watu wakamiminika mpaka geti likazidiwa.

Mbele yangu alikaa kijana mmoja katoka Muheza, alipanda gari asubuhi kabisa ili awahi, tiketi yake ya elfu kumi bado kaishika mkononi. Akawa anawaangalia wale wanaoingia, afu akashuka mpaka kwa jamaa mmoja mwenye kizibao cha waandaaji akamuuliza, "Kaka, mi nililipa elfu kumi, hii tofauti yangu naifuata wapi?" Jamaa akamjibu kwa upole tu, "Mdogo wangu hapo mi sina mamlaka, mi nimewekwa kuuza." Kijana akarudi akakaa, akaniambia, "Mgosi, kumbe ningelala tu nije saa hizi." Hiyo sentensi ndo uchambuzi wote huu, yaliyobaki ni kuieleza.

Maana wiki chache baadae waandaaji walewale wakaleta timu nyingine, na safari hii bei ilikuwa na akili, mzunguko elfu tano. Kwa timu ile na kwa msimu ule elfu tano ilikuwa inalipika kabisa, watu wa Mabawa na Chumbageni niliowasikia wenyewe walisema hapo sawa. Ila hawakuingia. Walikuja, walisimama nje, wakasubiri spika. Waandaaji wakakaza, mechi ikaanza uwanja ukiwa na watu wachache sana, watu bado wako nje wanasikiliza kelele, na mapumziko wakashindwa kuvumilia wakafungua kwa buku mbili. Kwa maana nyingine bei nzuri iliuliwa na bei mbaya ya mechi iliyopita.

Sasa twende taratibu kwenye hela yenyewe.

Mechi ina gharama ambazo unazilipa hata asipoingia mtu: kukodi uwanja, kuileta na kuilaza timu, waamuzi, polisi, gari la wagonjwa, matangazo. Ukishazilipa hizo, mtu wa 1,001 akiingia hakuongezei gharama yoyote ya maana. Kwa hiyo mwandaaji asijiulize "kila kichwa kinanigharimu shilingi ngapi", ajiulize bei gani ikizidishwa na idadi ya watakaoingia inatoa jumla kubwa kuliko zote. Afu kiti hakitunziki. Wavuvi wetu pale Deep Sea samaki wakibaki wanawatia barafu wanasubiri kesho, ila kiti cha Mkwakwani filimbi ya mwisho ikipigwa kimekufa na hela yake, huna barafu ya kukitia. Ndo maana mwandaaji akiona saruji tupu saa tisa na nusu mkono unamwasha kushusha bei, na kwa siku hiyo moja ukipiga hesabu hata hajakosea sana.

Tuipige kwa mfano, namba hizi nimezitunga ili mantiki ionekane tu. Tuseme wapo watu 1,000 walio tayari kulipa 10,000. Ukiweka 5,000 wanakuwa 3,000, ukiweka 3,000 wanakuwa 6,000, ukiweka 2,000 wanakuwa 8,000. Bei ya 10,000 inakupa milioni 10. Ya 5,000 inakupa milioni 15, ya 3,000 inakupa milioni 18, ya 2,000 inarudi milioni 16. Buku tatu ndo inashinda hapo, na uwanja unapendeza. Ila unaweza kupita hata hapo: katika wale 1,000 wenye uwezo tuseme 600 wanataka kivuli na kiti cha maana, hao wauzie jukwaa kuu kwa 10,000 unapata milioni 6, waliobaki 5,400 waingie mzunguko kwa 3,000 unapata milioni 16.2, jumla milioni 22.2. Hakuna aliyeonewa, kila mtu kachagua anapokaa. Hii ndo kazi ya madaraja ya tiketi. Bei kubwa inatakiwa ikae mahali ambapo mtu anapata kitu cha tofauti, ukimwekea mtu wa juani bei ya mtu wa kivulini atakukimbia.

Na kumbuka kiingilio chote si cha kwako. Kama VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 iko ndani ya bei, kwenye kila elfu kumi kuna kama shilingi 1,525 za serikali kabla hujagusa kodi ya uwanja na makato mengine. Watu wengi wanaopanga bei wanaanza na deni, wanasema nimetumia milioni kadhaa kwahiyo nikigawa kwa watu elfu moja lazima niuze elfu kumi. Mteja hajui deni lako wala halimhusu. Yeye anapima raha atakayoipata na hela aliyonayo mfukoni, basi.

Sasa mteja wa Tanga anapima na nini? Anapima na kibanda umiza, kile kibanda cha mtaani cha kuonyeshea mpira kwenye TV. Tangu 2021 ligi yetu ina mkataba wa matangazo ya TV na Azam Media wa miaka 10, thamani yake shilingi bilioni 225.6, na ni hela iliyosaidia sana klabu zetu, sina ugomvi nao hata kidogo. Ila maana yake mtu wa Mikanjuni kwa jero au buku anakaa karibu na kwake, anaona goli linarudiwa mara tatu, na mechi ya Uingereza anaongezewa. Uwanjani kuna raha ambayo kibandani haipo, kelele, watu, kumwona mchezaji kwa macho yako, na mi hiyo raha naithamini kuliko kitu chochote, lakini ina kikomo cha bei. Mechi ya kirafiki isiyo na pointi, timu ya ugenini inajaribu wachezaji wapya na pengine wakubwa wao wamebaki kambini, kikomo hicho hakifiki elfu kumi kwa mtu wa mzunguko. Tena mtu wa Tanga haji peke yake, anakuja na mdogo wake au mtoto wake, kwahiyo elfu kumi kwake ni elfu ishirini.

Nadhani najua elfu kumi ilitoka wapi. Mwaka 2023 Mkwakwani ilibebeshwa mechi kubwa kwelikweli. Juni ilichezwa fainali ya Kombe la Shirikisho, Yanga wakaifunga Azam 1-0, na Agosti 13 ikaja fainali ya Ngao ya Jamii, Simba na Yanga wakatoka 0-0 na Simba wakashinda kwa penati 3-1, Ally Salim akiwa golini anapangua penati mpaka watu wanashika vichwa. Mji ulifurika. Ukikaa na picha ile kichwani unaweza kuamini Tanga italipa chochote. Lakini pale palikuwa na derby ya Kariakoo, shabiki wa Simba hana mbadala wa kumwona Simba akicheza na Yanga siku hiyo, na mabasi yalitoka Dar na mikoani, yaani wateja wenyewe hawakuwa wa Tanga peke yao. Mechi ambayo mtu hana mbadala wake inabeba bei kubwa bila kupoteza watu wengi. Mechi ambayo mbadala wake uko kona ya pili kwa buku moja haibebi. Huwezi kuchukua bei ya ile ukaivalisha hii.

Kuna kitu kingine nimewasikia wasomi wetu wanakinukuu na naona kinahitaji kuwekwa sawa. Tangu miaka ya 1970 wachumi wa Marekani, Roger Noll akiwa miongoni mwa wa mwanzo, wamekuwa wakikuta kwamba timu zao zinauza tiketi chini ya bei ambayo ingewapa hela nyingi zaidi mlangoni. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba timu inapata hela kwenye maegesho, bia, chakula na jezi, kwahiyo bora watu waingie wengi watumie ndani. Sasa kwetu nani anauza karanga Mkwakwani? Ni mama zetu na vijana wao, na ile hela ni yao, na iendelee kuwa yao. Mwandaaji hapati senti pale. Kwahiyo ile sababu ya Marekani haiwezi kubebwa nzima ikaletwa huku. Sababu yetu ya kutokukaba bei ni nyingine, ni mazoea. Mtu akizoea kuja uwanjani anakuja tena, anamleta mtoto, mtoto anakua shabiki. Klabu kama Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa nchi wa 1988, inaishi kwa mazoea hayo. Mwandaaji wa mechi moja yeye hayaoni, maana kesho hayupo, anakodi anaondoka, waja leo waondoka leo. Anachoharibu kinabaki kwa klabu ambayo ina mechi nyingine wiki ijayo.

Turudi kwenye kushusha, maana hapa ndo penyewe. Endelea na zile namba za mfano. Siku ya kwanza tuseme 700 walinunua kwa 10,000, wakaingia 3,500 kwa buku tatu baada ya tangazo. Hiyo ni milioni 7 na milioni 10.5, jumla 17.5. Umeona? Inakaribia kabisa ile milioni 18 ya bei bora. Mwandaaji akirudi nyumbani anajiona mjanja: wenye haraka niliwauzia ghali, wavumilivu niliwauzia rahisi, uwanja ukachangamka. Na kwa mechi moja ambayo watu hawakuitegemea, ujanja huo unalipa kweli. Tatizo ni kwamba unalipa mara moja tu. Umewafundisha watu 4,200 kwa mkupuo kwamba bei iliyotangazwa si bei. Na waliojifunza kwa uchungu zaidi ni wale 700, wateja wako bora kabisa, waliokuamini, walionunua mapema wakakupa hela ya kulipia hoteli ya timu.

Mechi ya pili kila mmoja kati yao anakaa nje. Anajua akinunua saa nane amelipa elfu tano, akisubiri spika analipa pungufu. Na kadri wanavyokuwa wengi nje ndo uwanja unavyokuwa mtupu, na kadri uwanja unavyokuwa mtupu ndo wanavyozidi kuwa na uhakika kwamba mwandaaji atalegea. Waliosimama nje wanamshinda nguvu bila hata kukubaliana. Kwa mfano wetu bei ya 5,000 ilikuwa ilete watu 3,000 na milioni 15. Wakaingia tuseme 400, milioni 2, na mapumziko wakaingia 2,500 kwa buku mbili, milioni 5. Jumla 7. Hizo milioni 8 zilizopotea zinatakiwa ziandikwe kwenye daftari la mechi ya kwanza, sio ya pili, na ndo maana nasema ile 17.5 ilikuwa ya uongo.

Na msidhani ni ushamba wa mkoani. Julai 2025 kule New Jersey, nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kati ya Chelsea na Fluminense, tiketi ya kawaida iliyokuwa dola 473.90 ilishushwa mpaka dola 13.40 siku chache kabla ya mechi. FIFA wenyewe hao, na mfumo wao wa bei zinazopanda na kushuka kwa kompyuta. Piga picha uko upande wa yule aliyelipa ile ya kwanza. Ni kijana wangu wa Muheza yuleyule, kabadilishiwa sarafu tu.

Wapo waliojaribu mfumo huo kwa uangalifu zaidi. San Francisco Giants wa besiboli walianza 2009 kwa viti kama 2,000 tu, walipoona inafanya kazi 2010 wakaupeleka uwanja mzima, bei inafuata mpinzani ni nani, siku gani, hali ya hewa ikoje. Timu nyingi zinazotumia njia hii zina sharti moja ambalo kwangu ndo roho ya jambo: bei haiteremki chini ya ile aliyolipa mwenye tiketi ya msimu. Aliyewahi kukuamini halipi zaidi ya aliyechelewa. Bei inaweza kupanda na kushuka kadri siku inavyokaribia, ila kupita chini ya hapo hapana. Watu wakishaona hivyo misimu kadhaa wanakimbilia kununua mapema wenyewe, hakuna haja ya gari la spika kuwabembeleza.

Kuhusu heshima kwa shabiki, Liverpool walilipata somo lao Februari 6, 2016. Klabu ilitangaza tiketi ya pauni 77 kwenye jukwaa jipya, mashabiki wakainuka dakika ya 77 wakatoka nje kwa maelfu, timu inaongoza 2-0 dhidi ya Sunderland, ikaisha 2-2. Ndani ya wiki wamiliki wakaomba radhi wakaifuta ile bei. Wale walikuwa na kitu cha kufanya nacho kelele, ni klabu yao, wana uchungu nayo. Mtazamaji wa mechi ya promota hana klabu ya kuigomea, silaha yake ni kusimama nje ya geti na baiskeli, na ameshaitumia.

Kwahiyo mechi ya tatu ifanyweje? Nimeambiwa inapangwa, na nawaandikia kwa nia njema kabisa maana Tanga inahitaji mechi hizi. Mzunguko uanze buku tatu kwa tiketi za mapema, siku ya mechi buku nne, na itangazwe tangu mwanzo kwamba bei itapanda na haitashuka, hata uwanja uwe mtupu. Hiyo ya mwisho ni ngumu, najua. Itabidi siku hiyo moja wakubali kuangalia saruji tupu na watu wamejaa nje, na wasiguse spika, kwa sababu bila kuvumilia hasara ya siku moja hakuna atakayewaamini tena. Kama viti vitupu vinawaumiza sana, wapigie walimu wa shule za msingi siku mbili kabla walete watoto na sare zao bure, mtoto wa darasa la nne hakuwa mteja wako wa buku nne, kwahiyo hujamharibia mtu aliyelipa. Jukwaa kuu lenye kivuli liwe elfu kumi, na wakaguzi wasiruhusu mtu wa mzunguko kuhamia huko kipindi cha pili kama ilivyotokea, maana huko nako ni kushusha bei kwa mlango wa nyuma.

Na wale walionunua kwa elfu kumi mechi ya kwanza wapo, wengine vipande vya tiketi wanavyo mpaka leo. Tangazeni kwamba mwenye kipande cha elfu kumi anaingia mechi ya tatu bila kulipa. Hawawezi kuwa wengi, gharama yake ni ndogo kuliko siku mbili za gari la spika, na litangazwe na gari hilohilo, Muheza nako lifike.